Fo wili mtumba inagonga chini? Sikiliza kwanza, spana baadae

Ukinunua fo wili iliyotumika kwa bei ya chini jua umenunua na mlio wake humo humo, aidha inagonga ukiweka gia, au inatetemeka ikifika spidi fulani, au inalia wiii kwa chini muda wote, na wengi wetu tukisikia hivyo tunakimbilia kufungua kitu kikubwa. Gari yangu ya kwanza ya namna hii ilikuwa inagonga kila nikiachia klachi, fundi akanambia difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa tairi mbili) imekufa, nikatafuta difu nyingine nzima, tukashinda siku mbili mgongo chini tunaifunga, na gari ilivyoondoka ikagonga vile vile. Kumbe ilikuwa krosi moja, ile jointi ya kupinda ya propela shafti (bomba refu linalopeleka nguvu kwenye difu), kitu kinachoenea kwenye kiganja. Ndo maana nasema matatizo mengi ya chini kwenye hizi gari ni ya oili, krosi, mabuti (yale yanayofunika jointi) na mipira, vitu vya kumaliza nyumbani, na difu au transfa kesi (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) yenyewe iwe ya mwisho kabisa kushukiwa.

Kabla ya yote ujue gari yako ni fo wili ya aina gani. Kuna ile ya kuweka na kutoa kwa lever au kwa batani, hii kwa kawaida haina difu ya katikati, ukiiweka 4WD shafti ya mbele na ya nyuma zinazunguka sawasawa kwa lazima. Sasa gari ikikata kona tairi za mbele zinapita njia ndefu kuliko za nyuma, kwenye tope au mchanga tairi zinateleza kidogo mambo yanaisha, ila kwenye lami kavu haziwezi kuteleza kwahiyo mfumo mzima unajikaza, stelingi inakuwa nzito, gari inaruka ruka na hata lever inagoma kutoka. Ukikuta hivyo hakijaharibika kitu, rudi rivasi kidogo kwa kunyooka itaachia. Aina ya pili ni ile inayosukuma tairi nne muda wote, yenye difu au vikasi kaplingi (kiungo chenye majimaji mazito ndani) katikati, hiyo inatembea kwenye lami bila shida lakini haitaki kabisa tairi zilizotofautiana saizi au kuisha, maana kaplingi inafanya kazi bila kupumzika inapata moto mpaka inakufa.

Sasa usalama, na hapa naomba usome taratibu hata kama una haraka ya kuingia chini. Hendibreki za fo wili nyingi za zamani hazikamati tairi, zinakamata shafti inayotoka kwenye transfa kesi. Maana yake ni kwamba ukinyanyua tairi moja tu ya nyuma kwa jeki, difu inaruhusu hiyo iliyo hewani izunguke kinyume na ile iliyo chini ibingirike, na gari inakushukia huku hendibreki imevutwa mpaka mwisho. Otomatiki iliyowekwa P ni hivyo hivyo, P inafunga ndani ya gia boksi tu. Transfa kesi ikiwa kwenye nyutro P haishiki kitu. Na ukishaifungua propela shafti ya nyuma ndo kabisaa hakuna kinachoishika. Kwahiyo sehemu tambarare, kabari za mbao au mawe makubwa mbele na nyuma ya tairi zinazobaki chini, gari ikae juu ya stendi sio juu ya jeki. Na ile inayosukuma tairi nne usije ukawasha injini na kuweka gia wakati umenyanyua tairi mbili tu, zile zilizo chini zitaikimbiza itoke kwenye stendi.

Haya, kusikiliza. Chukua gari barabara tulivu, mtu mwingine aendeshe wewe usikilize, halafu mbadilishane. Ikigonga ko! mara moja ukiweka gia au ukitoka kukanyaga mafuta kwenda kuachia, anza na krosi. Ikilia tk tk tk tk ukikata kona kwa nguvu, hiyo ni sivi jointi ya nje, ile jointi ya kupinda kwenye shafti inayozungusha tairi. Ikitetemeka ukiwa unakanyaga tu halafu ukiachia inatulia, angalia sivi ya ndani au krosi. Mlio wa kuvuma unaobadilika ukiyumbisha gari kushoto na kulia mara nyingi ni beringi ya tairi. Mlio wa wiii unaobadilika sauti kati ya kukanyaga na kuachia, huo ndo wa difu. Kwa mtetemo kuna kipimo kizuri sana, fika ile spidi inayotetemeka halafu weka nyutro uache injini ishuke mizunguko, kama mtetemo umebaki pale pale basi unatoka kwenye shafti au tairi, kama umepotea tafuta kwenye injini na maunti zake (mipira inayoishikilia). Usizipuuze maunti, maunti ya gia boksi iliyochanika inagonga kama krosi iliyokufa.

Ukisharudi nyumbani piga kabari, zima injini, weka nyutro, ingia chini ushike propela shafti kwa mkono uizungushe kwenda na kurudi. Uchezaji kidogo kutoka ndani ya difu ni kawaida, meno lazima yawe na nafasi. Unachotafuta ni krosi yenyewe, shika upande mmoja huku unazungusha mwingine, ukiona vinaachana hata kidogo au kuna vumbi jekundu la kutu limejichora kuzunguka vikombe vyake (vile vinne vyenye beringi kwenye ncha zake), imeisha.

Kabla hujafungua krosi kagua oili, difu zote mbili, transfa kesi na gia boksi. Anza kufungua nati ya kujazia, ya kumwagia ifuate, siku zote, kwenye kila gari. Mtu anamwaga oili yote halafu anakuta nati ya juu imeshika kutu haitoki, gari imebaki kavu na haiendi kokote. Oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa kuna maji ndani, na mara nyingi yanaingia hivi: difu ina moto, unaingia kwenye maji, hewa ya ndani inapoa inasinyaa, inavuta maji kupitia sili au kipumulio. Kwahiyo kagua na kipumulio chenyewe, kile kimpira au kijibomba juu ya ekseli, kikiziba presha inapanda na oili inasukumwa nje kwenye sili, utabadili sili kila mwezi bila kujua adui ni kitu kidogo cha kusafisha kwa waya. Kwenye sumaku ya nati ya chini tope jeusi laini kama grisi ni la kawaida, vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha sio vya kawaida.

Aina ya oili usibahatishe. Difu nyingi zinataka oili ya gia ya daraja la GL-5, uzito wa 80W-90 au 75W-90. Gia boksi ya manyuo mara nyingi inataka GL-4 kwa sababu dawa zilizomo kwenye baadhi ya GL-5 zinakula zile ringi za shaba za kuingizia gia. Transfa kesi ndo ina vituko, nyingine zinatumia oili ya gia na nyingine ATF (oili ya gia boksi ya otomatiki), soma kitabu cha gari yako. Kama difu ya nyuma ni ya LSD (ile inayopunguza tairi moja kuzunguka peke yake) inataka oili yake yenye dawa maalum. Kujua, nyanyua tairi zote mbili za nyuma kwenye stendi, weka nyutro, achia hendibreki, kabari ziwe kwenye tairi za mbele, zungusha tairi moja kwa mkono: nyingine ikienda kinyume ni difu ya kawaida, ikifuata upande ule ule ni LSD au ina loki. Jaza mpaka oili ianze kutoka kwenye tundu la kujazia gari ikiwa imelala sawa.

Krosi sasa, kazi ninayoipenda kuliko zote kwenye gari maana ukiimaliza unasikia tofauti siku hiyo hiyo. Chukua rangi au tipeksi uchore mstari kwenye flenji (sahani ya kufungia boliti) ya difu na flenji ya shafti, na kwenye ile sehemu inayoteleza kuingia na kutoka uchore pande zote mbili. Yoki (zile uma zinazoshika krosi) za ncha mbili za shafti kwa kawaida zinakaa kwenye mstari mmoja, ukiirudisha imepishana jino moja tu utakuwa na mtetemo mpya ambao hukuwa nao na utaanza kuilaumu krosi mpya. Fungua boliti za flenji, shusha shafti taratibu usiiache ining'inie kwa jointi moja. Kama shafti yako ni ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye transfa kesi au gia boksi, weka chombo chini, oili itakufuata.

Safisha kwa brashi ya waya, pulizia oili ya kulegeza kutu, subiri, ndo utoe saklipu nne (vibanio vinavyozuia vikombe visitoke). Zikigoma gonga kikombe kidogo kwa ndani, kitaachia shinikizo kwenye saklipu itoke. Kisha jiliwa: soketi ndogo kuliko kikombe upande mmoja, soketi kubwa ambayo kikombe kinaingia ndani yake upande wa pili, kaza, kikombe kimoja kitasukumwa nje, geuza usukume kurudi. Huna jiliwa, soketi hizo hizo na nyundo juu ya kipande cha chuma kizito zinafanya kazi, ila usigonge wala kubana bomba la shafti, likibonyea kidogo tu balansi imekwenda. Safisha mifereo ya saklipu mpaka iwe inang'aa maana uchafu humo ndo unafanya saklipu isikae.

Krosi mpya fungua kila kikombe uhakikishe visindano vyote vya beringi vimesimama ukutani, ongeza grisi kidogo ivishikilie. Angalia nipo ya grisi inatazama wapi, usije ukafunga kila kitu ukakuta bomba la grisi halifiki. Ingiza kikombe kimoja kidogo, pitisha krosi, uiweke ndani ya kikombe muda wote unavyosukuma cha pili ili visindano visidondoke. Na hapa ndo watu wanaua krosi mpya: kikigoma kabla mfereo wa saklipu haujaonekana wote, SIMAMA. Usiongeze nguvu. Kuna kisindano kimelala chini ya kikombe, toa, kisimamishe, rudia. Ukimaliza saklipu zote, jointi ikiwa nzito sana kuipinda gonga masikio ya yoki kwa nyundo ya plastiki yajiachie, inatakiwa ipinde kwa uzito kidogo lakini bila kukwama kwama. Piga grisi mpaka ichungulie kwenye sili zote nne.

Sivi jointi, ukikuta buti imechanika lakini bado haijaanza kulia una bahati, osha grisi yote ya zamani, weka buti mpya na grisi yenye moly, hiyo nyeusi, sio yoyote iliyopo. Ikishaanza kulia kona grisi mpya haiponyi, badili. Nati kubwa ya habu (kitovu cha tairi) ilegeze tairi ikiwa bado chini na mtu amekanyaga breki, na wakati wa kurudisha ikaze kwa kipimo cha kitabu kwa spana ya toki. Shafti ikichomoka kwenye difu badili na oili sili yake hapo hapo kwa kuwa umeshafika. Kwa gari zenye ekseli ngumu mbele, kama Land Cruiser za 70 au Suzuki Jimny, sivi imejificha ndani ya lile tufe la kona, ukiona linatoa uji wa grisi uliochanganyika na oili basi sili ya ndani ya ekseli imekufa na oili ya difu inaosha grisi ya sivi. Hiyo usiiache.

4WD haiingii? Kabla ya kuwaza transfa kesi fuata vimipira vya vakyumu (mvuto wa hewa) kimoja kimoja kama gari yako inatumia vakyumu, vikizeeka vinapasuka kwenye ncha, unakata sentimita moja unachomeka tena. Kama ni ya umeme kagua fyuzi, plagi na waya wa swichi iliyoko juu ya transfa kesi. Kama ina habu za kufunga kwa mkono zifungue, osha grisi iliyoganda, paka mpya kidogo. Ila ikiingia halafu chini ya mzigo mzito inaruka kwa kishindo kama meno yanapishana, hiyo ni cheni ya transfa kesi imelegea, kwa zile zenye cheni.

Pinion ya difu (gia ndogo inayoingiza nguvu ya shafti ndani ya difu), ule mlio wa wiii, hapo mimi mwenyewe naishia. Nafasi ya meno inapimwa kwa sehemu ya mia ya milimita na beringi zinataka kukazwa kwa kipimo chake, bila vifaa unaweza kuigeuza difu inayolia kuwa difu iliyokufa. Hata sili ya mbele tu ya pinion inahitaji umakini kwa sababu nati yake ndo inaweka mkazo wa beringi, kwenye difu nyingi kuna bushi ndani inayobonyezwa na nati hiyo, ukikaza zaidi ya ilivyokuwa beringi zinaungua. Kabla ya kufungua chora nati ilipo, hesabu mizunguko. Difu inayolia kidogo na oili yake ni safi inaweza kutembea muda mrefu sana, ibadilishie oili uisikilize.

Ukimaliza kazi endesha kilomita chache bila kukimbia, simama, shika difu na habu kwa nyuma ya mkono kwa tahadhari, kimoja kikiwa cha moto kupita mwenzake kuna kitu kimebana. Boliti za propela zikaze tena kesho yake gari ikiwa imepoa, na kama ni fo wili ya kuweka na kutoa tafuta barabara ya vumbi uiweke 4WD dakika chache kila mwezi ili oili ifike mbele na habu zisigande.