Somo: Gofu ya diski katikati ya misonobari, uwanja wa W.R. Jackson

Gofu ya diski ni mchezo wa kurusha diski hadi iingie kwenye kikapu cha kila shimo, kwa mirusho michache iwezekanavyo. Uwanja wa W.R. Jackson uko Appling, jimbo la Georgia, Marekani, ndani ya Wildwood Park kando ya ziwa Clarks Hill. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya PDGA, chama kinachosimamia mchezo huu. Mwaka 2022 palichezwa mashindano ya kwanza ya Champions Cup. Chris Dickerson alitwaa ubingwa kwa wanaume na Paige Pierce kwa wanawake. Mlioko Atlanta na Clarkston, ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kuelekea Augusta.

Mashimo ni 18, na nguvu za mkono pekee hazitakufikisha mbali. Kinachoharibu kadi ya matokeo ni mti wa kwanza, ule ulio mita 10 au 20 mbele yako. Ukiupita huo, umemaliza nusu ya kazi.

Hatua ya 1: Begi

Diski nne zinatosha: mbili za kutumbukizia (za mirusho mifupi ya kuingiza kikapuni), moja ya masafa ya kati, moja ya mbali. Uzito wa gramu 165 hadi 175 unafaa. Chukua rangi ya waridi kali au bluu nyangavu, maana diski ya kahawia au nyekundu hupotelea kwenye majani makavu ya misonobari. Andika jina na namba ya simu upande wa chini. Beba maji lita 2, vaa suruali ndefu na uichomeke ndani ya soksi, upake dawa ya kufukuza kupe. Mmea wenye majani matatu matatu usiuguse, unawasha vibaya.

Hatua ya 2: Angalia njia

Kikapu kisipoonekana, mmoja wenu atangulie, ajikinge nyuma ya shina na kufuatilia diski zinapotua.

Hatua ya 3: Mrusho wa kwanza

Chagua uwazi, si mti wa kukwepa. Macho yatulie kwenye kitu kimoja kilicho mbali ndani ya uwazi huo, usawa wa kifua.

Kisha chukua diski ya kutumbukizia au ya kati. Diski ya mbali ina ukingo mwembamba na hutaka mwendo kasi. Ukiirusha polepole inakatia kushoto mapema (kwa anayetumia mkono wa kulia na mrusho wa kawaida, yaani mkono ukipita mbele ya kifua) na kuingia vichakani. Ya kutumbukizia huenda moja kwa moja zaidi, na hata ikigonga mti haidundi mbali.

Simama bila kukimbia, tumia kama asilimia 70 ya nguvu, vuta diski kwa mstari ulionyooka mbele ya kifua. Mita 60 katikati ya njia ni bora kuliko mita 90 porini.

Diski ikipaa na kugonga matawi, ukingo wake wa mbele ulikuwa umeinuka: inamisha kifundo cha mkono kidogo, kama anayemimina chai. Ikitoka kulia mno, umeiachia kwa kuchelewa, mara nyingi kwa sababu ya kuvuta kwa pupa.

Hatua ya 4: Ukiwa vichakani

Toka kwanza. Tafuta uwazi mpana zaidi wa kurudi njiani, hata kama ni kwa ubavu. Unaruhusiwa kupiga goti, mradi kiungo kimoja kiguse ardhi ndani ya eneo la upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 30 nyuma ya alama ya pale diski ilipotua, na hakuna kingine kinachogusa ardhi karibu zaidi na kikapu.

Hatua ya 5: Kutumbukiza

Ndani ya mita 10 kutoka kikapuni, ukisharusha usisonge mbele kabla ya kuonyesha kwamba umesimama imara. Mti ukikuziba, panua mguu mmoja pembeni.

Maswali ya wanachama

*Diski ikinasa mtini mita 4 juu, naadhibiwa?*
Hapana, isipokuwa mwandalizi ametangaza kanuni ya mita 2 (pigo moja la adhabu kwa diski iliyonasa juu ya mita 2). Bila hiyo, cheza kutoka ardhini, chini kabisa ya ilipo.

*Naruhusiwa kuvunja tawi linalonizuia?*
Lililo bado kwenye mti, hapana kabisa. Tawi kavu lililolala pale unaposimama au nyuma yako liondoe. Lililo kati yako na kikapu liache.

*Tunatafuta diski kwa muda gani?*
Dakika 3. Isipoonekana, unaongezewa pigo moja na kurudi uliporushia. Anzeni kwenye mti uliogongwa, mzunguke pande zote mkifukua majani kwa mguu. Diski huteleza chini yake na kufunikwa kabisa.

*Njia ikipinda kulia mwishoni?*
Mwenye mkono wa kulia arushe kwa kiganja: kiganja kitazame juu, vidole viwili vikaze ndani ya ukingo. Mwenye shoto atumie mrusho wake wa kawaida.