Jinsi ya kubeba imani, siasa na malengo yako katika daftari moja

Nilivua beji ya umisionari nikiwa na miaka 21. Kwa miezi 18 nilikuwa nikiamka saa 12:30 asubuhi, nina mmisionari mwenzangu wa kutembea naye, nina ratiba, na malengo ya wiki tuliyapanga wawili baada ya kupiga magoti. Asubuhi ya kwanza nyumbani niliamka saa 12:30 ileile, nikakaa kitandani, nikakosa pa kwenda. Kampeni za uchaguzi zilikuwa zimepamba moto na kila mtu mzima kwenye ukoo alitaka kujua niko upande gani. Tena kulikuwa na swali moja la historia ya kanisa langu nililokuwa nimelifungia moyoni tangu nikiwa na miaka 17, nalo likaanza kugonga mlango.

Sasa nina miaka 22. Ninayoandika hapa ndiyo njia niliyoitumia tangu wakati ule, na naiandika kwanza kwa vijana wenzangu wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wengi hutuita Wamormoni. Sikasiriki mtu akiniita hivyo, ila mwaka 2018 Russell M. Nelson, rais wa Kanisa wakati huo, alituomba tulitaje jina kamili kwa kuwa lina jina la Kristo ndani yake, na ombi hilo nalipenda. Kama wewe ni wa dini nyingine, njia hii utaiweza vilevile.

Anza na kosa la Oliver Cowdery

Aprili 1829, huko Harmony, Pennsylvania, Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa letu, alikuwa akitafsiri Kitabu cha Mormoni, kitabu chetu cha maandiko, na Oliver Cowdery akimwandikia. Oliver alikuwa na miaka 22, umri wangu huu, na alikuwa ametoka kufundisha shule. Akatamani naye atafsiri. Akaruhusiwa, akajaribu, akashindwa. Maelezo yako katika Mafundisho na Maagano, kitabu chetu kingine cha maandiko, sehemu ya 9: alidhani atapewa tu, akawa hakufikiri lolote zaidi ya kuomba. Alitakiwa alichunguze jambo akilini mwake kwanza, ndipo aulize kama ni sahihi.

Nilikuwa nikiisoma sehemu hiyo kama somo la sala. Siku hizi naisoma kama maagizo ya kazi, na yanafaa pia kwenye kura yangu na mipango yangu. Baba hawezi kunichunguzia, chama hakiwezi, na hata askofu wangu hawezi. Mungu amenipa haki ya kujiamulia, naye hataki nimrudishie ikiwa mpya, haijatumika.

Basi tafuta daftari la kawaida. Kila jambo linalokusumbua lipe ukurasa wake, uugawe sehemu tatu: ninachojua na nimekijulia wapi, nisichokijua, nitakachofanya wakati nasubiri. Ukurasa ukijaa, ndipo unapiga magoti nao ukiwa wazi mbele yako. Usianze kwa magoti ukurasa ukiwa mtupu. Hilo ndilo kosa la Oliver.

Swali zito la imani liandike lilivyo

Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa wa swali lile la miaka 17. Hadi Juni 1978 kanisa langu halikuwapa ukuhani wanaume Weusi wenye asili ya Afrika, na waumini Weusi, wake kwa waume, walizuiwa kupokea ibada kuu za hekaluni. Niliposikia mara ya kwanza nilikuwa kidato cha mwisho, na niliyemuuliza akaniambia nisichimbe mambo ya zamani.

Katika sehemu ya kwanza niliandika kwamba Elijah Able, mtu Mweusi, alitawazwa kuwa mzee, yaani ofisi mojawapo ya ukuhani, mwaka 1836, Joseph Smith akiwa hai. Kwamba Brigham Young, rais wa Kanisa baada ya Joseph Smith, alilitangaza zuio hadharani mwaka 1852. Kwamba Spencer W. Kimball ndiye aliyekuwa rais wa Kanisa ufunuo wa kuliondoa ulipokuja. Kwamba mwaka 2013 Kanisa lilichapisha makala ya kuzikana nadharia za zamani, zikiwemo zile zilizoifanya ngozi nyeusi kuwa ishara ya laana. Katika sehemu ya pili niliandika sentensi moja: sijui kwa nini Mungu aliacha jambo hili liendelee miaka zaidi ya 120. Sehemu ya tatu ilinichukua wiki mbili. Niliandika kwamba nitaendelea kushiriki sakramenti, sitarudia kamwe sababu ambazo Kanisa lenyewe limezikana, na kijana akiniuliza sitamwambia asichimbe.

Halafu nikamwonyesha mama. Aliusoma ukurasa wote akiwa amesimama, akavuta kiti, akaniambia, "Mwanangu, swali hili ninalo tangu mwaka niliobatizwa. Leta kalamu." Akaongeza mistari miwili kwa mwandiko wake. Mpaka leo sijapata jibu la "kwa nini". Nilichopata katika sala ni utulivu wa kukaa na swali bila kumkimbia Mungu wala kulikimbia swali lenyewe. Kwa hiyo mtafute mtu mmoja wa kumsomea ukurasa wako, mtu ambaye hatashtuka. Kanisani kwetu wapo wengi kuliko unavyodhani.

Siasa: fanya kazi yako kabla ya kufungua mdomo

Watu wa imani yangu hawana haki ya kuichukulia siasa kama mchezo. Tarehe 27 Oktoba 1838 gavana wa Missouri, Lilburn Boggs, alitoa amri kwamba Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe katika jimbo lake. Amri hiyo haikufutwa rasmi hadi 1976. Joseph Smith mwenyewe aligombea urais wa Marekani mwaka 1844, akauawa na kundi la watu wenye silaha Juni 27 mwaka huohuo, gerezani Carthage, kabla ya siku ya kura. Tunajua kwa damu yetu serikali inaweza kumfanya nini mtu. Makala ya Imani ya 11, mojawapo ya kauli za msingi za imani yetu, inadai uhuru wa kuabudu kwa ajili yetu na kwa ajili ya kila mtu mwingine, na ya 12 inatutaka tuitii na kuiheshimu sheria.

Pamoja na hayo Kanisa halimuungi mkono mgombea wala chama chochote, na majengo yake na orodha za waumini wake havitumiki kwa kampeni. Mitt Romney aligombea urais kwa Republican mwaka 2012 wakati Harry Reid akiwaongoza Wademokrati katika Seneti. Wote wawili walikuwa waumini wa kanisa hili. Juni 2023 Urais wa Kwanza, yaani rais wa Kanisa na washauri wake, uliwaandikia waumini wa Marekani kuwaonya wasipige kura kwa mazoea tu, au kukifuata chama kizima bila kuwachunguza wagombea. Ukimsikia mtu anasema "Mmormoni wa kweli hupigia chama fulani", jua hiyo ni kauli yake yeye.

Sasa ukurasa wa kura. Chagua mambo matatu unayoyajali kweli, yasizidi matatu. Soma maneno ya mgombea mwenyewe, hotuba nzima au ilani, usitosheke na kipande alichokukatia mpinzani wake. Kisha andika jambo moja jema kuhusu mgombea ambaye hutampigia, na kasoro moja ya yule utakayempigia. Ukishindwa kuandika mojawapo, rudi ukasome, hujamaliza. Mimi nilikwama kwenye kasoro siku nne nzima, na nilipoipata ilikuwa kubwa kiasi kwamba kura yangu ilibadilika.

Mosia 29, katika Kitabu cha Mormoni, isome yote. Wana wa mfalme Mosia walikataa kiti cha enzi, naye akawaandikia watu waweke waamuzi waliochaguliwa kwa sauti ya watu. Sababu yake mojawapo hainitoki: chini ya mfalme mbaya dhambi za watu wengi huangukia shingo ya mfalme, lakini watu wakijichagulia, kila mmoja hujibu kwa ajili yake. Nikisimama kwenye chumba cha kupigia kura nakumbuka kwamba nitaulizwa mimi.

Kulumbana nako kuna namna yake, na hili nililipata kwa aibu. Jumamosi moja usiku, kwenye kundi la simu, ndugu mmoja wa kata yetu, yaani usharika wetu, aliandika maneno makali juu ya mgombea niliyempenda. Ni mtu wa makamo, alinifundisha shule ya Jumapili nilipokuwa na miaka 12. Nilimjibu kwa ujumbe mrefu, nikamwita mnafiki mbele ya watu 40. Kesho yake nilichelewa kanisani na nafasi iliyobaki ilikuwa ubavuni kwake.

Kwetu mkate wa sakramenti hupita mkono kwa mkono. Unachukua kipande chako, unamshikia jirani sinia naye achukue. Alichukua chake, akaisogeza sinia mbele yangu, akaishika. Mkono wake ulitetemeka kidogo, vipande vya mkate vikawa vinateleza ukingoni, na kucha ya kidole gumba ilikuwa na ile alama nyeusi niliyokuwa nikiikodolea macho utotoni akitufunulia maandiko. Hakunitazama. Alingoja tu. Sikuchukua. Niliipokea sinia, nikaipitisha kwa mtoto aliyefuata, na nyimbo zilizobaki sikuimba.

Baada ya mkutano nilimfuata ukumbini. "Mzee wangu, nisamehe kwa ya jana." Akasema, "Na mimi unisamehe, binti yangu. Niliandika kwa hasira." Jumapili iliyofuata nilikaa palepale kwa makusudi.

Nikienda nyumbani siku ile nilikumbuka Alma 60 na 61, katika kitabu hichohicho cha Mormoni. Jemadari Moroni anamwandikia Pahorani, mwamuzi mkuu wa nchi, barua ya moto, anamtuhumu kwamba amekaa kwenye kiti chake askari wakifa njaa, na anamtishia upanga. Hakujua kwamba Pahorani mwenyewe alikuwa amepinduliwa na amekimbilia nchi ya Gideoni. Pahorani anajibu kwamba hakukasirika, anafurahia ukubwa wa moyo wa Moroni, kisha anaomba waunganishe nguvu. Tangu hapo nina sheria mbili. Simjibu mtu hadi niwe nimeandika daftarini hofu yake ni nini, kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angeyakubali. Na kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumatatu asubuhi siandiki siasa popote.

Malengo: andika yaliyo mikononi mwako

Hapa nitasema machache. Mpango wa watoto na vijana wa Kanisa ulioanza Januari 2020 umejengwa juu ya Luka 2:52, pale Yesu anapoendelea "katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu". Ndiyo pande nne: akili, mwili, roho na watu. Chukua lengo moja kwa kila upande. Mimi nasomea uuguzi, kwa hiyo upande wa akili nimeandika kurasa kumi za anatomia kila siku kabla sijashika simu. Upande wa watu ni kumpigia bibi kila Alhamisi. Niliporudi kutoka misheni niliandika malengo 19, na baada ya wiki tatu nilikuwa nalia jikoni. Mfalme Benyamini, katika Mosia 4:27, anasema mtu hatakiwi kukimbia kuliko nguvu zake. Nilifuta 15.

Moja kati ya niliyofuta lilisema "kuolewa kabla ya miaka 24". Mtu akirudi kutoka misheni swali hilo huulizwa kila kona, na waulizaji wana nia njema. Lakini lengo hilo linahitaji uamuzi wa mtu mwingine, ambaye naye ana haki ya kujiamulia kama mimi. Siwezi kuliweka kwenye daftari langu kisha nijihukumu nalo. Mahali pake niliandika kwamba nitahudhuria mikusanyiko ya vijana waseja na nitamsikiliza mtu hadi amalize kusema. Hilo nalimudu. Yapitie malengo yako kwa jicho hilo, na lolote linalosimama kwenye hiari ya mtu mwingine liandike upya hadi libaki na sehemu yako tu.

Daftari nalipitia Jumapili baada ya sakramenti, dakika 20. Jumapili ya kwanza ya mwezi tunapofunga, nachukua ukurasa mmoja mgumu na kuubeba katika mfungo wote. Mwezi huu ni wa diwani. Wagombea ni wawili, nimewasoma wote, jema la mmoja na kasoro ya mwingine nimeziandika, na mizani bado iko sawasawa. Kura ni baada ya siku kumi. Sehemu ya tatu ya ukurasa ina mstari mmoja hadi sasa: Jumanne nitakwenda kumsikiliza yule nisiyempenda, nikae mbele.