Betri mpya na gari bado haiwaki? Usikimbilie kununua stata

Hii kitu hapa Mwanza ipo sana. Mtu kanunua betri jana, kafungiwa na kijana wa dukani pale pale barabarani, gari ikawaka fresh ikatembea mpaka nyumbani Buhongwa, asubuhi anageuza funguo kimya. Au haijawaka kabisa tangu ifungwe. Majirani wakishakusanyika mmoja anasema stata, ile mota inayozungusha injini iwake, mwingine anasema kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari, imekufa, na hapo boneti yenyewe haijafunguliwa.

Mi nasema hivi: kama kabla ya kubadili betri gari ilikuwa inawaka, hata kwa kubustiwa (kuazima umeme wa betri ya gari nyingine), basi anza na kile kilichoguswa mwisho. Vichwa viwili vya betri, waya zinazokaa pale, na fyuzi ya jirani. Stata haifi kwa sababu umenunua betri. Inaweza kufa siku hiyo hiyo kwa bahati mbaya kweli, ila hiyo tutaifikia baadae.

Kwanza sikiliza. Weka swichi ON bila kupiga stata, angalia dashibodi, washa taa kubwa, piga honi, afu sasa piga stata huku macho yako kwenye taa. Kama giza totoro, hata taa ya ndani haiwaki, umeme hautoki kwenye betri kabisa, ni terminali (vile vyuma vya waya vinavyovalishwa kwenye vichwa vya betri) au fyuzi kubwa. Kama taa zipo ila ukipiga stata zinafifia na unasikia ta-ta-ta-ta, umeme ni mdogo au unapita kwa shida. Kama taa zimewaka kali, hazififii hata kidogo na injini kimya, amri ya kuwasha haifiki kwenye stata. Kama inagonga "tak" moja nzito halafu basi, hapo ndo stata inaanza kushukiwa. Na kama inazungusha vizuri ila injini haishiki, betri yako haina kosa, tafuta kwingine.

Watu wengi wanakwama kwenye hiyo ya pili, anakwambia "taa zinawaka mkuu, kwahiyo betri nzima". Hapana. Taa kubwa mbili zinakula kama ampia 9 tu, stata ya gari ndogo inavuta 100 na kitu, injini kubwa inapita 200. Terminali iliyolegea au yenye uchafu inaweza kupitisha hizo 9 bila shida, ukidai 100 inagoma. Ndo maana redio inaimba, honi inalia, gari haiwaki.

Haya, terminali zenyewe. Hapa kaa sana usiwe na haraka. Shika ile ya hasi kwa mkono uizungushe, afu ya chanya. Ikicheza hata kidogo umeshapata mgonjwa wako. Betri zetu hizi za Kijapani zina vichwa vya aina mbili, vyembamba na vinene, IST au Passo mara nyingi inakuja na betri ndogo ya vichwa vyembamba, sasa mtu akiuziwa yenye vichwa vinene terminali haizami mpaka chini, inakaa juu juu, na akiuziwa nyembamba kwenye gari iliyokuwa na vinene terminali inapwaya, kijana anakaza nati mpaka midomo ya terminali inakutana na bado inacheza. Afu ndo unakuta kachomeka msumari au kipande cha kopo cha kujazia. Hicho kipande kitakupeleka mpaka Nyegezi na kitakuacha Usagara. Maduka ya spea yanauza vikofia vya risasi vya kuvalisha kichwa chembamba kiwe kinene, au badilisha terminali yenyewe.

Cheki pia kama zile kofia za plastiki, nyekundu na nyeusi, zinazokuja na betri mpya zilitolewa zote. Usicheke, inatokea.

Uchafu sasa. Terminali za zamani zina ule ungaunga mweupe au wa kijani, kijana anahamishia kwenye betri mpya hivyo hivyo. Kuna wanaosema ni unyevu wa ziwa, lakini Victoria ni maji baridi halina chumvi kama bahari ya Dar, huo unga unatokana na mvuke wa asidi ya betri yenyewe ikikutana na shaba na risasi. Dawa yake iko jikoni: magadi kwenye maji ya moto, unamwagia kidogo kidogo kinachemka chemka kinaachia, unasuuza, unafuta pakauke, afu unapitisha msasa ndani ya terminali na kwenye kichwa mpaka risasi ing'ae. Maji ya magadi yasiingie kwenye matundu ya betri. Ukishafunga ndo upake grisi kidogo kwa juu, sio kabla.

Utaratibu wa spana namba 10 ni huu, kufungua unaanza hasi, kufunga hasi inakuwa ya mwisho. Sababu ni kwamba bodi zima la gari ni hasi, ukiwa unafungua chanya wakati hasi bado ipo na spana ikagusa bodi, ni cheche kubwa, na betri inatoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Sigara weka mbali, pete na bangili vua.

Usiishie kwenye vichwa. Fuata waya mweusi wa hasi unapoenda kufungwa kwenye bodi na kwenye injini. Gari zinazobeba sangara na dagaa kule Mwaloni Kirumba, zinazooshwa kila siku na maji yanachuruzika kila kona, ile bolti ya chini inakula kutu mpaka haigusi, na hakuna anayeiangalia kwa sababu haionekani. Ukitaka kujua bila kubahatisha chukua mita ya umeme, zile za Kichina zinatosha kabisa. Weka kwenye volti DC, ncha moja kwenye risasi ya kichwa cha betri, nyingine kwenye chuma cha terminali iliyovalishwa, mwambie mtu apige stata. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikipanda hadi nusu volti au zaidi, umeme unapotelea hapo hapo. Fanya hivyo hivyo kati ya kichwa cha hasi na chuma kitupu cha injini.

Ukiwa na mita mkononi pima na betri yenyewe, maana mpya haimaanishi imejaa. Betri imekaa dukani miezi, au ni ile ya kumwagiwa asidi siku ya kununua, wanajaza unasepa nayo hapo hapo bila kuchajiwa. Gari ikiwa imezimwa na imetulia, betri iliyojaa inasoma volti 12.6 au juu yake kidogo. 12.4 inavumilika. Ikifika 12.2 ni nusu, na chini ya 12 peleka ikachajiwe taratibu usiku mzima kabla hujamlaumu mtu. Wakati stata inazunguka isishuke chini ya 9.6 hivi. Kama ilikuwa imechajiwa vizuri na bado inaporomoka mpaka 7 au 6, betri mbovu, rudi nayo na risiti, usikubali kuambiwa "itazoea".

Sasa fyuzi kubwa. Angalia herufi ya mwisho kwenye namba ya betri, mfano 40B19L na 40B19R, hiyo L na R ndo inasema chanya imekaa upande gani. Ukiuziwa ya upande mwingine waya hazifiki vizuri, na mtu mwenye haraka au anayefunga jioni pasipo mwanga anavalisha kinyume, chanya kwa hasi. Ikitokea hivyo hata kwa sekunde, mara nyingi inaungua fyuzi kuu, ile ya ampia 100 au 120 iliyo kwenye terminali ya chanya au ndani ya boksi la fyuzi chini ya boneti. Wakati mwingine inaondoka na dayodi za alteneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka, ukiwa na mkosi zaidi na vitu vingine. Dalili ni hiyo giza totoro au nusu ya vitu haviwaki. Nunua fyuzi ya ampia ile ile. Fundi akikwambia anaunga na waya "utembee tu kwanza", mshukuru umwambie hapana, huo waya siku ukipata shoti hautakatika, utaungua na gari.

Tuje kwenye taa kali na injini kimya. Kama ni oto, kanyaga breki weka N ujaribu, ikiwaka kwenye N na kugoma kwenye P ni swichi ya gia. Kama ni ya kubonyeza batani, angalia taa za breki nyuma zinawaka ukikanyaga, zisipowaka gari haijui kama umekanyaga, inaweza kuwa fyuzi ya STOP tu au swichi ya pedali. Afu angalia kitaa cha ulinzi, kile kina alama ya funguo au gari lenye kufuli. Kwenye gari iliyofungwa kupepesa ni kawaida, ila ukiweka ON kinatakiwa kizime. Kikiendelea kupepesa gari haijaitambua funguo. Funga milango na rimoti, fungua tena, jaribu funguo ya akiba, toa funguo nyingine na vitu vya chuma kwenye cheni. Toyota za batani ukishikisha rimoti yenyewe kwenye batani inasoma hata kama kibetri chake cha sarafu kimekwisha. Alamu za kufungiwa mtaani nazo zinajifunga zenyewe umeme ukikatwa, hizo zina kiswichi cha siri, mtafute aliyefunga.

Kuna hii nyingine inachanganya watu: gari inawaka inazima, inawaka inazima, na kabla ya betri haikuwa hivyo. Kompyuta ya injini ilikuwa imejifunza kiasi cha hewa cha sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, kulingana na uchafu uliopo kwenye throto, ule mlango wa hewa ya injini, umeme ulipokatwa ikasahau, sasa inaanza upya na throto imejaa masizi. Washa huku umegusa mafuta kidogo, ishikilie mpaka ipate moto, iache ilale sailensa dakika kumi hivi AC ikiwa imezimwa. Ikikataa, throto isafishwe. Nissan kadhaa zinahitaji kufundishwa kwa mashine, usizunguke nazo sana.

Kama inazungusha tu bila kushika, sikiliza pampu ya mafuta ukiweka ON, kwenye baadhi ya gari inalia mzzz fupi nyuma kwenye siti, na cheki fyuzi iliyoandikwa EFI. Na tenki pia, samahani, angalia tenki.

Stata yenyewe: ukishajiridhisha umeme unafika na inagonga tak moja, mtu apige swichi wakati wewe unagonga mgongo wa stata polepole na mpini wa spana. Ikiwaka, hiyo stata inaomba matengenezo. Kwenye Toyota nyingi ni vile vishaba viwili vya ndani vimelika, fundi umeme wa magari anabadili hivyo tu, huna haja ya stata nzima.

Kubusti ili upime: nyekundu kwenye chanya ya gari mbovu, kisha chanya ya gari nzima, nyeusi kwenye hasi ya gari nzima, na ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari mbovu mbali na betri. Usikubali kubustiwa na Scania au lori kubwa lolote, hizo ni volti 24, utanishukuru. Kusukuma ni kwa manyuo tu. Ukiwa Isamilo au Bugando mlima unakusaidia, unaiachia gia ya pili, ila kumbuka bila injini breki na usukani vinakuwa vizito mno, usijaribu kwenye mteremko unaoishia barabara kubwa. Oto hata uisukume mpaka Kisesa.

Ikishawaka usifunge boneti kwanza. Pima tena kwenye betri injini ikiwa inanguruma, inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu alteneta haichaji, na inawezekana ndo iliyoua hata betri ya zamani. Na kuna ule mtindo wa kuchomoa terminali gari ikiwa imewaka eti "tuone kama alteneta inafanya kazi". Mzuie fundi kwa nguvu zote. Umeme unaruka juu ghafla, kontrol boksi inaweza kuondoka kweli, na hapo wale majirani watakuwa wamepatia.

Alteneta ikiwa nzima na bado kila asubuhi betri imelala, kuna kitu kinanyonya usiku. Zima kila kitu, toa funguo, funga milango, subiri nusu saa, fungua hasi uiunganishe kupitia mita ikiwa kwenye ampia 10, na usipige stata mita ikiwa hapo. Inatakiwa ishuke mpaka miliampia 50 au chini. Ikiwa juu, toa fyuzi moja moja mpaka namba idondoke, utajua ni mstari upi. Anza na redio ya kuongezea, alamu na trakaa, yaani vyote ambavyo havikuja na gari.