Kutoka Fulana hadi Karatasi: Namna ya Kuongeza Uchapaji katika Duka Dogo la Nguo

Somo hili linawahusu wenye maduka madogo ya kushona na kuchapa fulana, sare na aproni, ambao wateja wao wameanza kuulizia kadi, vijitabu na kalenda. Duka langu liko Kisumu, si mbali na soko la Kibuye, na karatasi ilinijia kwa njia ambayo wengi wa ukanda huu wataitambua: kamati ya mazishi ilikuja kuchukua fulana zenye picha ya marehemu, na mmoja wao akauliza, "Na programu ya mazishi je, tunachapishia wapi?" Niliwaelekeza kwa mtu mwingine. Wiki iliyofuata niliulizwa swali hilo tena, mara mbili.

Hatua ya 1: Andika kazi unazozikataa

Kwa mwezi mmoja, weka daftari mezani na uandike kila kazi ya karatasi uliyoombwa ukaikataa, idadi ya nakala na siku iliyohitajika. Katika daftari langu vijitabu vya mazishi viliongoza kwa mbali, kadi za harusi zikafuata, na kalenda ilitajwa mara moja tu. Kwa kuwa mazishi mengi huku huwa Ijumaa au Jumamosi, kazi huingia mwanzoni mwa wiki na ni lazima itoke kufikia Alhamisi. Jambo hilo peke yake lilinionyesha kwamba nilihitaji kasi kuliko mashine kubwa.

Hatua ya 2: Nunua vifaa vya kumalizia kabla ya printa

Najua wengi hufanya kinyume. Hata hivyo, kurasa zinaweza kuchapwa kwa mwenye mashine kubwa mjini ukalipia kwa kila karatasi, ilhali kukata, kukunja na kufunga pini ndiko kunakomfanya mteja aseme kazi ni safi. Nilianza na kikatio chenye bapa refu, rula ya chuma na stepla ya mkono mrefu inayofika katikati ya karatasi ya A4. Printa niliinunua baadaye, nilipokwisha kujua nachapa nini.

Hatua ya 3: Usitumie printa ya sublimesheni kwa karatasi za mteja

Wino wa sublimesheni, ule wa kuhamishia picha kwenye fulana kwa joto, umetengenezwa ugeuke mvuke kwenye joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi na kuingia ndani ya poliesta. Ukiuacha juu ya karatasi, rangi hubaki zimefifia kama nguo iliyoanikwa juani miezi mitatu. Usijaribu pia kubadilisha wino ndani ya tangi lile lile, kwa maana mabaki huchanganyika na kuharibu kazi za pande zote mbili. Tenga printa ya karatasi. Ukichagua ya wino wa maji, ujue kwamba karatasi laini zinazong'aa zilizotengenezwa kwa ajili ya mitambo mikubwa ya uchapaji hazinyonyi wino huo, nao utapakaa vidoleni. Ukichagua ya leza, usiipitishie karatasi ya picha ya wino wa maji, kwa sababu tabaka lake la juu linaweza kuyeyuka na kuganda ndani ya mashine.

Hatua ya 4: Ijue karatasi kama unavyokijua kitambaa

Hapa fundi wa nguo ana nafuu kubwa. Karatasi ina uelekeo wa nyuzi kama kitambaa, na hukunjika vizuri mkunjo unapofuata nyuzi hizo. Lowesha kipande kidogo upande mmoja: kitajiviringa kama mrija, na mrija huo ndio unaoonyesha nyuzi zinakokwenda. Karatasi nyingi za A4 zina nyuzi zinazofuata urefu, kwa hiyo kuzikunja ziwe A5 ni kuzivunja nyuzi. Kwa karatasi ya kawaida haidhuru, lakini jalada la kadi nzito hupasuka rangi. Jalada langu la kwanza lilitoa mstari mweupe uliopita katikati kabisa ya paji la uso wa marehemu, kwa sababu picha ilikuwa imetandazwa mbele na nyuma. Tangu siku hiyo mimi hutangulia kuchora mfuo kwa rula na kalamu iliyokwisha wino, kisha ndipo nikunje.

Uzito nao unapimika. Karatasi ya A4 ni sehemu moja ya 16 ya mita ya mraba, kwa hiyo ya gramu 80 kwa mita ya mraba huwa na uzito wa gramu 5, na rimu ya karatasi 500 hufika kilo 2.5. Rimu ya gramu 70 ni takribani kilo 2.2. Niliwahi kuuziwa rimu zilizoandikwa 80, nikazipeleka kwa jirani yangu muuza omena, na mizani yake ikasema kweli.

Hatua ya 5: Panga kurasa

Kijitabu cha kukunjwa na kupigwa pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4. Familia ikileta kurasa 14, ama wapunguze ziwe 12 ama waongeze picha zifike 16. Kijitabu cha A5 chenye kurasa 16 hutumia karatasi nne za A4 zilizochapwa pande zote, moja ikiwa jalada, na ukurasa wa 1 hukaa karatasi moja na wa 16. Nakala 300 zitahitaji kadi 300 za jalada na karatasi 900 za ndani. Nunua rimu mbili, na zile 100 zinazobaki ndizo akiba ya kuharibika.

Rangi ya pembeni ipitishe mstari wa kukatia kwa milimita 3. Hiyo ni akiba ya mshono, hakuna jipya.

Hatua ya 6: Mtu mmoja atie sahihi

Nguo ikikosewa hufumuliwa, lakini karatasi haifumuliwi. Niliwahi kuwa na nakala 300 zilizokwisha pigwa pini, ndipo shangazi mmoja alipogundua kwamba jina la mjukuu halimo, na hasara ikawa yangu kwa kuwa nilipokea masahihisho kwa simu kutoka kwa watu watatu tofauti. Sasa kamati huteua mtu mmoja, naye husoma nakala moja iliyochapwa, jina kwa jina, na kutia sahihi kila ukurasa kabla sijaendelea.

MASWALI YA WENYE MADUKA WENZANGU

Dada kutoka Nakuru anauliza: Picha wanazonitumia kwa WhatsApp hutoka na ukungu. Nifanyeje?

Dada, WhatsApp huibana picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Waambie waitume kama faili, au waje na picha yenyewe ya karatasi uiskani. Kwa chapa safi unahitaji nukta 300 kwa inchi, yaani picha ya upana wa inchi 4 iwe na pikseli 1,200. Kwenye fulana ungeweza kusamehewa pungufu ya hapo, kwa sababu hakuna anayeisoma fulana kwa umbali wa kitabu.

Kaka kutoka Bungoma anauliza: Stima hupotea mara kwa mara. UPS ndogo (betri ya akiba) itatosha?

Kwa printa ya wino itatosha kumalizia kazi iliyo njiani. Ya leza hapana, kaka: sehemu yake ya kuyeyushia wino wa unga huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na UPS ndogo huzidiwa.

Swali kutoka Kakamega: Mwalimu ameleta kitabu cha kiada anataka nakala 40. Shikamoo yake nimeipokea, lakini kazi naiogopa.

Umeogopa vyema. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mwenye kitabu, na anayenakili kwa biashara huwajibika pia. Mwombe kazi ya mitihani aliyoitunga mwenyewe.

Swali kutoka Kisumu: Je, vitabu vya risiti bado vina soko?

Lipo, ila limepungua. Tangu 1 Januari 2024, kwa jumla, gharama isiyo na ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya Kenya, KRA) haikubaliki katika kukokotoa kodi ya mapato, kwa hiyo mweleze mteja kwamba kitabu chako hakichukui nafasi ya ankara hiyo. Wanaoniagizia zaidi sasa ni makanisa na vyama, kwa kumbukumbu zao za ndani.

Dada wa Nakuru anarudi: Na wagombea wa uchaguzi wa 2027 wakiniletea kazi?

Wachapie. Malipo yote yawe mkononi kabla hujafungua rimu, hata akiwa binamu yako.