Somo: Kukagua na kutunza breki za ndege ndogo kwenye vumbi na mwinuko wa Dodoma

Wakuu habari za jioni. Vijana wengi wananiuliza inbox kuhusu breki za ndege, mmoja mmoja nashindwa kuwajibu vizuri, kwa hiyo naandika hapa mara moja kila mtu asome na mwenye swali aulize chini. Mimi ni fundi ndege hapa Dom, kazi yangu kubwa ni hizi ndege ndogo za injini moja, Cessna 172, 182, 206 na ndugu zao, zile zinazotua viwanja vya changarawe huku kanda ya kati. Ndege nyingi za aina hii zina breki za Cleveland, na vipimo nitakavyovitaja ni vya breki hizo, ila manyuali ya ndege yako ndiyo bosi, ikisema tofauti na mimi fuata manyuali.

Na hili liwe wazi kabla sijaanza: hii kazi anafanya mwenye leseni ya TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) au anayesimamiwa na mwenye leseni, basi. Rubani na mwanafunzi mna haki ya kujua na kuangalia, tena muangalie kila siku, lakini kufungua na kufunga ni kwa mwenye sahihi.

Kwa nini naongelea Dodoma. Uwanja wetu uko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa jua, tuseme nyuzi 28, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko hewa ya Dar siku yenye nyuzi 30. Rubani anatua kwa spidi ileile kwenye saa yake ya mwendo, lakini kwa hewa nyepesi tairi linagusa chini likikimbia zaidi, kama asilimia 6 hivi, na kwa vile nguvu ya mwendo inapanda kwa spidi mara spidi, breki inabeba mzigo wa karibu asilimia 13 zaidi kwa kutua kulekule, ndege ileile, uzito uleule. Huo mzigo wote unageuka joto kwenye diski. Halafu weka na vumbi letu jekundu juu yake. Ndiyo maana nasema mtu aliyezoea kukagua breki pwani kila masaa 100 akija huku na ratiba ileile atakuta mambo yameshaharibika. Kwa ndege inayotua udongo kila wiki mimi nashauri pedi ziangaliwe kila masaa 25, na hesabu idadi ya kutua pia, maana breki hailiki angani.

Haya twende.

Hatua ya 1: karatasi kwanza. Soma namba ya kalipa (ile sehemu yenye pistoni inayobana pedi kwenye diski) kwenye kibao chake, tafuta kwenye manyuali pedi zake ni zipi, diski yake mwisho wa unene ni ngapi na boliti zinakazwa kwa toki (nguvu ya kukazia) kiasi gani. Andaa mikromita, filagaji (vibamba vya kupimia mwanya), toki renchi, taa kali na kitambaa kisafi.

Hatua ya 2: angalia kabla hujagusa. Kabari mbele na nyuma ya matairi, magneto (umeme wa plagi za injini) ofu, ufunguo uwe mfukoni mwako usiuache kwenye ndege. Chuchumaa na taa. Unatafuta oili nyekundu ya breki: chini sakafuni, upande wa ndani wa tairi, kwenye kalipa, kwenye maungio ya paipu. Fuata paipu ya breki kwa vidole toka juu ya mguu mpaka chini, pale inapopita kwenye klipu ndipo inaposuguliwa, na ule mpira ukiuona una nyufa au umevimba huo hauna mjadala, unabadilishwa.

Kisha mwambie mwenzako akae kwenye kiti akanyage pedali na aishikilie kama dakika nzima, wewe uko chini unaangalia. Kuna uvujaji unaoonekana tu breki ikiwa na presha. Na yeye akuambie pedali inafanyaje: ikiwa ngumu na imetulia sawa, ikiwa laini kama inabonyea ujue kuna upepo (hewa) ndani ya oili, na ikiwa inazama polepole na huoni tone lolote nje basi sili (mpira wa kuzuia kuvuja) ya masta silinda, ile pampu ndogo ya pedali, inapitisha kwa ndani. Hii ya mwisho wengi wanaikosa kwa sababu sakafu iko kavu. Linganisha kushoto na kulia kila mara, tofauti kati ya pande mbili inakwambia mengi.

Hatua ya 3: pedi. Hapa ndipo watu wanachungulia wanasema "bado zipo". Bado zipo sio kipimo wakuu. Pedi ikifika inchi 0.100, yaani milimita 2.54, imekwisha, hata kama kwa macho unaona nyama ipo. Na usipime sehemu moja, pima ncha zote mbili na katikati, halafu pima ya ndani na ya nje kila moja peke yake. Zikilika sawasawa kalipa inaelea vizuri, yaani inateleza huru kwenye pini zake. Ya ndani ikiwa imeisha na ya nje ipo, au pedi imelika kimshazari upande mmoja, tatizo sio pedi, kalipa imekwama kwenye pini zake, na ukibadilisha pedi bila kutibu hilo utarudi palepale baada ya muda mfupi. Nilishaona ndege imefika na pedi moja imeisha mpaka vichwa vya riveti vinachora diski, rubani alisikia kelele akajua ni changarawe.

Uzuri wa hizi Cleveland ni kwamba unafungua boliti za bamba la nyuma, kalipa inatoka, bila kuinua ndege jeki wala kutoa tairi. Ila kalipa ikishatoka mtu yeyote asikanyage pedali, pistoni itaruka nje na oili yote itakumwagikia. Pedi zimepigwa riveti kwenye bamba, kwa hiyo toa riveti za zamani taratibu usipanue matundu, piga mpya kwa kifaa chake, kisha jaribu kuichezesha pedi kwa mkono, ikicheza hata kidogo rudia. Vichwa vya riveti vizame chini ya uso wa pedi.

Hatua ya 4: diski. Pima unene kwa mikromita sehemu kadhaa kuzunguka na ushike kipimo kidogo kuliko vyote. Angalia ule ukingo wa nje ambao pedi haifiki, haujalika, sasa ukiweka kipimo kikaegemea pale utapata namba nzuri ya uongo. Mfereji mmoja mmoja wa mpaka inchi 0.030 unavumilika, ingawa diski yenye mifereji mingi itakula pedi haraka. Weka rula iliyonyooka juu ya diski upitishe filagaji chini yake, ikiwa imebinuka zaidi ya inchi 0.015 badilisha, hiyo ilishapata joto kupita kiasi. Ufa wowote, badilisha. Kutu nyepesi ya masika inatoka yenyewe ukiteksi (ukiitembeza ndege chini kwa injini) na kukanyaga kidogo kidogo, kutu iliyochimba vishimo inakula pedi kama msasa.

Kama diski lazima itoke, hapo unainua ndege jeki (ndani ya hanga tafadhali, upepo wa Dodoma mnaujua) na unatoa tairi. SIKILIZENI HAPA: toa upepo WOTE wa tairi, kisha toa na valvu yenyewe, ndipo uguse boliti zinazoshikanisha nusu mbili za rimu. Rimu ikifunguka ikiwa na presha inaua mtu, sio maneno ya kutishana.

Hatua ya 5: vumbi. Pini ambazo kalipa inaelea juu yake ziwe safi na ziteleze. Kosa la kawaida ni kuzipaka grisi nyingi, vumbi linanata pale, pini inakwama. Safisha kwa spiriti, kausha, tumia kilainishi kikavu kinachotajwa kwenye manyuali. Na usipulize vumbi la breki kwa kompresa, pedi za zamani zilikuwa na asbesto na hata hizi mpya vumbi lake sio la kuvuta, futa kwa kitambaa kibichi. Ndege yenye vifuniko vya matairi ikienda kwenye udongo msimu wa mvua vitoe kabisa, tope linajaa mle linakauka linagusa diski.

Hatua ya 6: kutoa upepo. Oili ni ile nyekundu ya madini, MIL-PRF-5606, au 83282 kama manyuali inaruhusu. Unasukuma kutoka chini kwenye kalipa kwenda juu kwenye kitanki, kwa sababu upepo wenyewe unapenda kupanda, ukisukuma toka juu unahangaika nao. Oili iliyotoka usirudishe. Kitanki usijaze mpaka mdomoni, oili ikipata joto inatanuka na inahitaji nafasi.

Hatua ya 7: kuzizoesha pedi mpya. Watu wanaruka hii halafu wanalalamika breki haishiki. Pedi za kawaida zina gundi ndani yake inayotakiwa kuiva taratibu, ukianza na breki kali inaungua na uso unakuwa laini kama kioo, haushiki. Kwa hizo: teksi kama futi 1,500, mita 450 hivi, injini kwenye rpm (mizunguko kwa dakika) 1,700, huku unakanyaga kiasi cha kubaki maili 5 hadi 10 kwa saa. Simama, acha ipoe dakika 10 hadi 15, halafu kanyaga uongeze nguvu ya injini uone kama inashikilia. Isiposhika acha ipoe kabisa urudie. Pedi za chuma ni kinyume, zenyewe zinataka joto: simamisha ndege kabisa mara mbili mfululizo kutoka mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) 30 hadi 35 bila kuacha zipoe katikati, kisha ndiyo zipoe. Ruhusa ya mnara wa kuongozea ndege kwanza lakini.

Maliza kwa kuandika kwenye logibuku: vipimo vyenyewe kwa namba, sio "breki zimekaguliwa ziko sawa". Namba za leo ndizo zitamwambia fundi wa kesho pedi inalika kiasi gani kwa kutua.

MASWALI YA WADAU

Swali: Shikamoo mkuu, mimi ni mwanafunzi NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji). Tukiwa porini oili nyekundu imeisha, naweza kuweka DOT 4, oili ya breki ya gari, ili turudi tu Dodoma?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hapana, hata kijiko. DOT 4 ni ya glaikoli, sili za mfumo wa 5606 zinavimba na kuharibika zikiguswa nayo, na ukishaichanganya ni kufungua mfumo mzima, kusafisha na kubadilisha sili zote. Lita moja ya oili sahihi ikae ndani ya ndege siku zote, imefungwa. Na usijidanganye kwa rangi, kuna mafuta mengine mekundu ya gari, soma kopo.

Swali: Mimi nafunga breki za Scania hapa Kizota miaka mingi tu, naona kama hii kazi naiweza, tofauti iko wapi?

Jibu: Mikono unayo kaka, sibishi. Tofauti kubwa ni hii: lori lako upepo ukiisha springi zinafunga breki zenyewe, gari linasimama. Ndege ndogo ikipoteza oili breki haipo, na kwa kuwa kushoto na kulia ni mifumo miwili tofauti, ikifa moja ile nzima inavuta ndege upande wake, unajikuta kwenye majani. Halafu kwetu kila spea lazima iwe na cheti chake cha kutoka kiwandani, hakuna "inaingiana". Ukitaka kuingia kwenye fani ulizia kozi za matengenezo ya ndege NIT Dar, leseni yenyewe inatoka TCAA.

Swali: Fundi nimetua kiwanja kifupi jana, breki zikatoa moshi kidogo, dogo wa pale akataka kumwagia maji. Alikuwa sahihi?

Jibu: Umefanya vizuri kuuliza. Usimwagie maji chuma cha moto kiasi hicho, kinaweza kupasuka. Kabari weka, parking breki USIWEKE, watu wakae mbali na upande wa rimu, anayesogea aje kutoka mbele au nyuma ya tairi, na asikaribie propela. Acha upepo upoze. Moto ukiwaka kweli tumia zima moto ya unga. Kumbuka 5606 mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 82, wakati 83282 ni kuanzia 205, kwa hiyo tone dogo la oili juu ya diski ya moto sio dogo. Na kabla hujaruka tena mwite fundi apime kama diski imebinuka na aangalie sili za kalipa, usiende kwa sababu moshi umeisha.

Swali: Samahani mimi ni abiria tu, zile ndege kubwa za ATCL (Air Tanzania) zikitua hapa Dodoma zinanguruma sana ule mlio ndiyo breki?

Jibu: Hapana dada, ule ni injini au propela inasukuma hewa kwenda mbele kupunguza mwendo. Breki zenyewe huzisikii, ziko kwenye matairi zikiwa na mfumo wa kuzuia tairi kujifunga na kuburuzika. Kwenye Airbus A220 na Boeing 787 breki zinasukumwa na umeme badala ya oili. Breki za ndege kubwa nyingi zina pini ndogo inayofupika kadiri zinavyolika, fundi anaitazama breki ikiwa imekanyagwa, ikilingana na kishikio chake breki inatolewa.

Swali: Mkuu asubuhi naweka parking breki, mchana nikirudi nakuta imekaza haitoki vizuri, shida nini? Ndege inalala nje.

Jibu: Shida ni jua la mchana. Umefungia oili ya baridi ya alfajiri, saa saba mchana imepata joto imetanuka na haina pa kwenda, presha inapanda inaumiza sili. Usiku inakuwa kinyume, oili inapoa, presha inashuka, ndege inaanza kutembea yenyewe na upepo. Ukiegesha kwa muda mrefu tumia kabari na kamba, parking breki iache. Na kama hata ukiiachia inaendelea kukokota, inua mguu huo jeki uzungushe tairi kwa mkono: lisipozunguka huru, legeza nati ya paipu kidogo. Likiachia hapo, presha imenaswa juu, angalia valvu ya parking na masta silinda. Lisipoachia, fungua kalipa uangalie pini na pistoni.