Safari ya Siku Moja Iringa: Isimila na Kalenga
Anayetoka Mbeya ni vema afike Iringa jioni ya kuamkia safari, apatane na dereva bei ya kwenda, kungoja na kurudi. Anza asubuhi na Isimila, eneo la kale la Zama za Mawe lililo yapata kilomita 20 kutoka mjini, utazame zana za mawe za watu wa kale, kisha uteremke korongoni zinaposimama nguzo ndefu zilizochongwa na mmomonyoko. Vaa viatu imara, maana mchanga huteleza. Kalenga, kijiji chenye makumbusho, usiiharakishe hata kidogo: humo limo fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na mwongozaji anaposimulia habari za Wahehe anastahili kusikilizwa hadi mwisho. Muda ukibaki, panda jiwe la Gangilonga, uutazame mji jua likizama.