Funika jina la aliyeleta dili

Mweka hazina wa chama chetu hapa Donholm ana mtindo ambao nimeuiga: mtu akileta dili, iwe ploti Kitengela au hisa, andika mambo yake kwenye karatasi bila jina la aliyeileta. Bei, pesa inarudi vipi, nani ameshika hati, ukitaka kutoka unatokaje. Mpe mtu asiyemjua mleta dili aisome. Akiuliza "hati iko wapi?" nawe jibu lako ni "lakini ni shemeji", basi ushajua ulichokuwa unanunua.

Inasaidia kwa sababu imani tuliyo nayo kwa mtu huhamia kwenye biashara yake bila sisi kuhisi, na wengi wetu tunaona aibu kumkatalia shemeji kuliko kupoteza elfu hamsini. Wingi wa watu nao hulewesha. Hisa za Safaricom zilipouzwa kwa shilingi 5 mwaka 2008, kwa wengi foleni yenyewe ndiyo ilikuwa ushahidi (wengine walikopa!). Mwaka uliofuata zilikuwa chini ya bei hiyo sokoni.

Haifai kwa michango ya mzunguko. Hapo jina ndilo dhamana, ukilifunika umetupa habari kubwa kuliko zote. Na tapeli aliyejipanga atapita tu, karatasi yake itapendeza. Kwa huyo, fanya sachi ya hati (kuhakikisha ardhi ni ya nani) kwa msajili wa ardhi, na kama ni sacco inayopokea amana, itafute kwenye orodha ya SASRA, mamlaka inayosimamia sacco, kabla ya kutuma chochote.